Pembe ya Madoa

Nilikuwa na miaka tisa siku dume letu Madoa alipovunjika pembe. Ilikuwa Jumamosi, siku ya kuogesha ng'ombe. Kijijini kwetu, huko Njombe, josho liko bondeni na mifugo hupelekwa kwa zamu. Dume la jirani halikutaka kungoja zamu yake. Lilimvaa Madoa pale langoni, vichwa vikagongana mara moja, mara mbili, na mara ya tatu nikasikia mlio mkavu kama wa ukuni unaopasuliwa. Pembe ya kushoto ikalegea, ikaning'inia, ikaanguka matopeni.

Damu ilitoka pale pembe ilipokatikia, na hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza kilikuja baadaye kidogo. Damu ilianza kudondoka puani pia, tundu la upande uleule wa kushoto, tone baada ya tone, na pua yenyewe haikuwa imeguswa na kitu chochote.

"Babu, ameumia na puani?"

"Hajaumia puani, mjukuu wangu. Pembe ya ng'ombe mkubwa ina njia ya kwenda puani. Ukivunja pembe, umetoboa ukuta wa pua."

Nilicheka. Kwetu babu na mjukuu ni watani, na Babu alikuwa amenidanganya mara nyingi kwa uso usio na tabasamu hata kidogo. Lakini siku ile hakuwa na utani.

Mfupa wa paji la uso la ng'ombe, wanangu, haukujaa kama jiwe. Ndani yake mna uwazi, na ng'ombe anavyokua ndivyo uwazi ule unavyotambaa hadi ndani ya kiini cha pembe. Kwa chini una mlango unaofungukia puani. Ndiyo maana mabwana mifugo huwahimiza wafugaji waondoe pembe ndama akiwa mchanga, pembe ikiwa bado kijichipukizi. Akishakuwa mkubwa, kukata pembe ni kufungua tundu linaloingia kichwani. Hebu wafikirie ng'ombe wa Ankole, kule Uganda na Rwanda, wenye pembe ndefu zilizopinda kama mwezi mchanga. Ndani ya kiini cha pembe zile mna matundumatundu ya hewa. Kama zingekuwa mfupa mtupu kutoka shina hadi ncha, shingo ingechoka kabla ya jua kuwa la utosi.

Uwazi wa namna hiyo ndani ya mifupa ya kichwa, wenye mlango unaotokea puani, ndio unaoitwa sainasi. Jina hilo mmelisikia, labda kwa shangazi anayelalamika kila msimu wa vumbi kwamba sainasi zinamsumbua. Wengi hudhani sainasi ni jina la ugonjwa. Sainasi ni vyumba, na kila mmoja wenu anavyo. Ugonjwa huja pale milango ya vyumba hivyo inapoziba.

Sasa leteni mikono yenu usoni. Wekeni vidole shavuni, chini kidogo ya jicho. Nyuma ya mfupa huo mna pango, moja kila upande, na kwa mtu mzima kila moja hubeba kiasi cha mililita 15, yaani kijiko kikubwa cha chakula kilichojaa. Hayo ndiyo mapango makubwa kuliko yote. Pandisheni vidole hadi juu ya nyusi: huko nako kuna mapango mawili, ndani ya paji la uso. Kati ya macho mna vyumba vidogovidogo vingi vilivyobanana kama sega la nyuki. Na nyuma kabisa, katikati ya kichwa, mahali ambapo kidole hakifiki, mna chumba kilicho jirani na ubongo. Siku hizi madaktari wa upasuaji hupitia puani na kukivuka chumba hicho ili kuufikia uvimbe ulioota chini ya ubongo, bila kupasua fuvu.

Wadogo miongoni mwenu, msiyatafute sana yale ya kwenye paji. Mtoto huzaliwa bila hayo. Huanza kuchimbika taratibu miaka michache baada ya kuzaliwa, huonekana vizuri kwenye picha ya eksirei akiwa na miaka sita au saba au minane hivi, na huendelea kupanuka hadi ujana. Kuna watu wazima ambao hawana kabisa mapango ya paji, au wana moja tu, na wanaishi vizuri. Wenye nayo nao hawafanani. Kingo zake zimekatwakatwa kama ufuo wa kisiwa, na hata pacha wa kufanana hutofautiana. Ndiyo maana mtu akifa akabaki mifupa tu, wataalamu huweza kulinganisha picha ya paji lake na eksirei aliyowahi kupigwa hospitalini akiwa hai, wakamtambua na kumrudishia ndugu zake.

Watu walichelewa sana kuyajua mapango haya, kwa sababu huwezi kuyaona mpaka fuvu lipasuliwe. Leonardo da Vinci, yule mchoraji wa Italia, alipasua fuvu na kulichora mwaka 1489, na katika mchoro wake pango la shavu linaonekana wazi. Lakini michoro yake ilikaa bila kuchapishwa kwa karne nyingi. Aliyelifanya pango hilo lijulikane ni tabibu Mwingereza, Nathaniel Highmore, katika kitabu chake cha mwaka 1651. Anasimulia habari za mwanamke mmoja aliyeng'olewa jino la juu, na pale jino lilipotoka pakabaki tundu lisilokauka usaha. Yule mama akachukua kijiti, akakisukuma ndani ya tundu, kikaingia. Akachukua unyoya, ukaingia mrefu zaidi. Akashikwa na hofu kuu: bila shaka ulikuwa umefika ubongoni! Highmore akamtuliza kwa kumweleza kwamba unyoya haukuwa ubongoni hata kidogo. Ulikuwa unajikunjakunja ndani ya pango la shavu. Mizizi ya magego yetu ya juu iko karibu sana na sakafu ya pango hilo, na ndiyo maana hadi leo mtu mwenye sainasi zilizovimba huenda kwa daktari wa meno akidhani ameoza jino.

Basi mapango haya huchimbwa na nani?

Huchimbwa na pua. Mtoto akiwa bado tumboni mwa mama, kama wiki ya kumi hivi, ule utando laini unaotanda ndani ya pua huanza kujisukuma kuelekea shavuni, kama kidole kinachobonyeza unga uliokandwa. Kadiri miaka inavyokwenda, utando unasonga na mfupa unarudi nyuma. Katika mifupa yetu kuna seli ambazo kazi yake ni kuula mfupa, na nyingine ambazo kazi yake ni kuujenga, na hizi mbili hazipumziki maisha yote. Mahali ambapo utando wa pua unasonga, walaji hutangulia kufungua njia. Kwa hiyo kila sainasi ni kipande cha pua kilichoenda kukaa mbali na nyumbani, na mlango wake ni alama ya pale kilipotokea. Babu alisema pembe ina njia ya kwenda puani. Kwa kweli pua ndiyo iliyokuwa imekwenda hadi pembeni.

Tabia hii ya hewa kuingia mifupani ni ya kale mno. Ukoo wa mamalia na ukoo wa mamba, dinosaria na ndege ziliachana zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, kila mmoja ukashika njia yake. Na kila mmoja, kwa wakati wake, ulipata mapango ya hewa kichwani.

Lawrence Witmer, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Ohio huko Marekani, ametumia miaka mingi kuchungulia ndani ya mafuvu ya dinosaria. Mbele ya jicho la wengi wao kulikuwa na dirisha kubwa kwenye mfupa, na watu walibishana kuhusu kilichokaa humo: msuli, tezi au kitu gani? Mwaka 1997 Witmer alionyesha kwamba humo mlikaa mfuko wa hewa uliotoka puani. Fuvu la Tyrannosaurus, lile dude lenye meno kama ndizi, lilijaa mifuko ya namna hiyo. Alilinganisha pia mamba na ndege, jamaa wa dinosaria walio hai, na maelezo aliyotoa yananipendeza kuliko yote niliyosoma juu ya jambo hili: mfuko wa hewa ni kama mvamizi. Kila penye mfupa usiobeba mzigo, huingia. Penye mfupa unaobeba mzigo, huzuiwa.

Kuna dinosaria wa kwetu pia. Huko Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, mamia ya Watanganyika walichimba mifupa mikubwa ajabu chini ya Wajerumani, msimamizi wao mashuhuri akiwa Boheti bin Amrani, na wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandarini Lindi. Mmoja wa wanyama hao, Giraffatitan, anasimama leo katika makumbusho ya Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Pingili za shingo yake zimejaa vyumba vya hewa. Hewa hiyo ilitokea kwenye mapafu, haikutokea puani, lakini desturi ni ileile: mfupa mkubwa, kazi nyingi, na hewa mahali ambapo mfupa haukuhitajika. Kila nikifikiria shingo ile ndefu ikiinuliwa hadi kwenye matawi ya juu, nawakumbuka pia wale waliobeba pingili zake vichwani mwao.

Ndege waliirithi tabia hiyo, na ushahidi mnao nyuma ya nyumba. Mmewahi kuona kuku mwenye mafua? Uso humvimba chini ya jicho mpaka jicho linakaribia kufumba. Kile kilichovimba ni sainasi. Kuku ana moja kila upande, chini ya jicho, na ukuta wake wa nje si mfupa, ni ngozi na nyama laini tu. Ndiyo maana kwake uvimbe huonekana waziwazi. Kwetu sisi hufungiwa ndani ya mfupa, na sehemu ya maumivu hutoka hapo.

Turudi kwa mamalia, maana huku ndiko mambo yalikonoga.

Tembo ana kichwa kinachoonekana kama kimejaa akili hadi juu. Lakini ubongo wake umekaa chini, nyuma, na sehemu kubwa ya kile kichwa kikubwa ni sega la mfupa lililojaa hewa. Kwa dume mzee, kati ya ngozi ya paji na ubongo mnaweza kuwa na unene wa urefu wa rula yenu ya shuleni. Ndama wa tembo hazaliwi hivyo. Vyumba hivyo hufunguka anavyokua. Na tembo anahitaji fuvu pana kwa sababu linabeba pembe na mkonga, na misuli ya shingo inahitaji mahali pa kushika. Fuvu pana la mfupa mtupu lingekuwa mzigo usiobebeka. Basi linakuwa pana, na ndani ni hewa.

Fisi madoa naye ana lake. Sainasi yake ya paji haikomei kwenye paji. Imerefuka hadi nyuma, juu ya ubongo wote, na kulifanya fuvu lake liwe na kipaa kilichoinuka. Wataalamu waliopima nguvu zinavyopita katika fuvu hilo wanaona kwamba kipaa kile husaidia kusambaza msukumo wa taya linapovunja mifupa. Mkisikia usiku mlio wa mfupa wa nyumbu ukipasuka, kumbukeni hicho kipaa.

Na mbuzi? Mbuzi na kondoo wanapopigana vichwa, watu wengi wamesema kwamba sainasi ya paji ni mto wa kulinda ubongo. Inaonekana kweli kabisa, sivyo? Mtafiti Andrew Farke aliyapima mafuvu ya jamii nzima ya ng'ombe, mbuzi na swala, akitafuta kama wapiganaji wakubwa ndio wenye sainasi kubwa. Hakuukuta uhusiano huo. Kilichoamua zaidi ni ukubwa wa mfupa wenyewe: penye mfupa mwingi, hewa nyingi. Mnyama mwingine kabisa ndiye aliyeipatia sainasi ya kondoo matumizi ya hakika, naye ni nzi. Kuna nzi anayemwaga viluwiluwi vyake puani mwa kondoo na mbuzi; vinatambaa hadi kwenye mapango ya paji, vinanenepa humo, kisha kondoo anapiga chafya na kuvitupa ardhini. Mchungaji yeyote amewaona kondoo wakificha pua zao chini ya matumbo ya wenzao kumkwepa nzi huyo.

Hapa ndipo swali kubwa linapokaa. Mapango haya ni ya nini? Tangu zamani watu wamejibu kwa uhakika. Wengine husema yanapunguza uzito wa kichwa. Wengine, yanaipa sauti mwangwi. Wengine, yanapasha joto hewa ya baridi kabla haijafika mapafuni. Majibu yote matatu nimeyasikia yakifundishwa, na kwa miaka mingi niliyaamini. Aliyeyatikisa ni nyani.

Nyani wetu, huyu anayeiba mahindi, ana uso mrefu na mzito. Akibweka asubuhi juu ya jabali, bonde zima linaitika. Ukipasua fuvu lake ukatafuta pango la shavu, halipo. Tumbili naye hana. Mbega hana, kima hana. Kati ya tumbili wote wa Afrika na Asia walio hai leo, pango la shavu linapatikana kwa makaki tu, wale wanaoishi Asia na kaskazini kabisa mwa Afrika. Kama pango hilo ni la lazima kwa kupunguza uzito, nyani mwenye pua kama ya mbwa anaishije bila hilo? Kama ni la sauti, nani anayebweka kwa nguvu kuliko yeye? Na twiga, ambaye paji lake limejaa sainasi kubwa, mmewahi kumsikia akipaza sauti?

Ajabu hii ilianza lini? Jibu lilipatikana Maboko, kisiwa kidogo katika Ziwa Victoria upande wa Kenya. Hapo wachimbuzi Brenda Benefit na Monte McCrossin walipata fuvu la Victoriapithecus, tumbili wa kale aliyeishi kama miaka milioni 15 iliyopita, na wakalitangaza mwaka 1997. Baadaye fuvu hilo lilipitishwa kwenye mashine ya CT, ile inayokata picha vipandevipande bila kugusa kitu. Pango la shavu halikuwapo. Kwa hiyo babu zao wa kale kabisa walikuwa tayari wamelipoteza, na makaki wakaja kulipata upya baadaye. Kitu kilichokuwapo, kikapotea, kikarudi, na wanyama wakaendelea kula, kulia na kuzaa katika hali zote mbili.

Hata hoja ya baridi haikusimama. Makaki wa Japani wanaoishi kaskazini kwenye theluji wana mapango madogo ya shavu kuliko wenzao wa kusini penye joto. Panya waliokuzwa mahali pa baridi nao walikuwa na mapango madogo. Kama kazi ya mapango ingekuwa kupasha hewa joto, tungetarajia kinyume. Inaonekana penye baridi pua yenyewe ndiyo inayotanuka, na sainasi inapewa nafasi iliyosalia.

Nafasi iliyosalia. Nataka niwaambie ninavyolifikiria jambo hili. Kila nyumba ina uvungu wa kitanda. Hakuna fundi aliyetengeneza kitanda ili apate uvungu. Alitaka kitanda kisimame juu ya miguu minne, na uvungu ukajileta wenyewe. Ukishakuwapo, bibi anasukumia sanduku lake huko, mtoto anaficha viatu, na kuku akipata mlango wazi anaingia kutamia. Uso nao una nguzo zake: zinapanda kutoka kwenye mizizi ya meno, zinapita pembeni mwa pua na kwenye mfupa wa shavu, zikibeba nguvu ya kutafuna hadi juu. Kati ya nguzo mfupa hauna kazi nyingi. Hapo ndipo pua inapoingia. Sainasi ilianza kama uvungu, kisha kila mnyama, katika safari yake ndefu ya mageuko, akaweka humo alichohitaji, au hakuweka kitu. Tembo ameutumia kupanua fuvu, fisi kuinua kipaa. Wataalamu bado wanashindana, lakini ushahidi wa nyani na wa Maboko unanisukuma upande huu kuliko mwingine.

Na kuna waliouondoa uvungu kabisa. Pomboo wanaoruka mbele ya ngalawa huko Kizimkazi ni wazawa wa wanyama wa nchi kavu, lakini mafuvu yao hayana mapango haya ya pua. Muulize mpiga mbizi aliyezama akiwa na mafua: atakueleza jinsi paji linavyouma, kwa sababu maji yanakandamiza, hewa iliyofungiwa ndani ya mfupa inasinyaa, na mlango ulioziba hauruhusu nyingine iingie. Kwa mnyama anayeshuka kilindini kila siku, boksi la mfupa lenye hewa ni hatari. Mageuko yakalifunga.

Sisi je, mapango yetu ya paji tumeyapata wapi? Waulizeni majirani wa misitu ya Kongo, Gombe na Mahale. Sokwe na gorila wanayo, na kwao kama kwetu yanachipuka kutoka vile vyumba vidogo vya kati ya macho. Ni urithi wa babu mmoja, kama vile watoto wa binamu wanavyofanana masikio.

Katika ukoo wetu wenyewe yalipanuka na kupungua. Mwaka 1921, katika mgodi wa Kabwe nchini Zambia, palipatikana fuvu la mtu wa kale aliyeishi kama miaka 300,000 iliyopita. Juu ya macho ana ukingo mnene wa mfupa kama paa la kibaraza, na ndani ya paji lake mna sainasi kubwa mno kupita zetu. Fuvu la Bodo, la Ethiopia, nalo liko hivyo. Sisi tumebaki na paji lililosimama wima na mapango ya kawaida. Fuvu la Kabwe bado liko London. Zambia imekuwa ikidai lirudishwe kwa miaka mingi, na mimi natamani siku moja watoto wa Kabwe walitazame hapohapo lilipopatikana.

Urithi wetu mwingine ni wa shida. Mlango wa pango la shavu hauko chini kwenye sakafu. Uko juu, karibu na dari. Utando wa ndani hutoa kamasi kila wakati, na vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho huisukuma kamasi hiyo ipande mlima hadi mlangoni. Mtu akiinama kwa mikono na magoti, uso ukielekea chini, mlango ule hukaa mahali pazuri zaidi pa kumwaga. Nyuso za babu zetu wa mbali zilielekea mbele na chini kama za wanyama wengine wa miguu minne. Kisha tukasimama. Nyayo za Laetoli, ambazo kundi la mtafiti Mary Leakey lilizifukua mwaka 1978 huko Ngorongoro, zinaonyesha kwamba miaka zaidi ya milioni 3 na nusu iliyopita jamaa zetu walikuwa wakitembea kwa miguu miwili. Mlango haukuhama. Ndiyo maana mafua yakizidi, utando ukavimba na vinyweleo vikachoka, kamasi hukaa ndani kama maji kisimani, na shangazi hulala na kitambaa cha moto usoni.

Lakini chumba hicho kina zawadi pia. Kuta zake hutengeneza gesi iitwayo nitriki oksidi, ambayo huwadhoofisha vijidudu, na ikivutwa hadi mapafuni husaidia mishipa ya damu kutanuka. Mwaka 2002 watafiti wa Taasisi ya Karolinska, huko Stockholm, waligundua kwamba mtu akivuma kwa sauti huku amefumba mdomo, gesi hiyo hutoka puani mara 15 zaidi ya anapopumua kimya, kwa sababu mtikisiko wa sauti huisukuma hewa ya mapangoni itoke na nyingine iingie. Jaribuni. Fumbeni midomo, wekeni kiganja shavuni, vumeni kama nyuki. Mtetemo mnaousikia chini ya kiganja unagonga kuta za pango ambalo yule mama wa Highmore alilipima kwa unyoya.

Madoa hakufa. Babu aliosha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, akakifunika kwa kipande cha kanga safi ili nzi wasiingie, akakifunga kwa kamba kuzunguka pembe iliyobaki. Kesho yake niliamka mapema kwenda zizini kabla ya jua. Mwezi wa saba kwetu ni baridi, na pumzi za ng'ombe zilikuwa zikipanda kama moshi. Madoa alikuwa amelala, anacheua. Nikasogea hadi karibu na kichwa chake. Kila alipovuta pumzi, kile kipande cha kanga kilibonyea kidogo kuingia ndani ya pembe. Kila alipoitoa, kikainuka.